Pakiti Haina Mlango: Tujitengenezee Kifungulio



Mwezi uliopita nilipita kwa koko mmoja wa mtaa wetu kumwuliza kwa nini mjukuu wake amekosa darasa siku tatu. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, pakiti ya maziwa iko magotini, imefungwa bado. Nikamwambia, "Koko, kunywa tu, usiningoje mimi." Akacheka kidogo. "Mwalimu, mwanangu, maziwa ninayo. Njia ya kuingia humo ndiyo sina."

Vidole vyake vimevimba kwenye viungo, na mkono wa kushoto haushiki tena kitu kwa nguvu. Dawa yake anaimeza saa nne, na aliambiwa asiimeze tumbo likiwa tupu. Zamani mtoto alikuwa anamfungulia pakiti alfajiri kabla ya kwenda shule, lakini siku moja maziwa yalikaa wazi, yakaharibika, koko akaendesha usiku mzima. Tangu hapo mtoto anabaki nyumbani mpaka saa nne ifike. Akishamfungulia anaona haya kuingia darasani akiwa amechelewa hivyo, basi haji kabisa.

Nilirudi nikiwaza. Mtoto wa darasa la tatu anapoteza masomo sababu ya ncha ya pakiti. Ni jambo dogo, ila ndani ya nyumba ile si dogo hata kidogo.

KWA NINI INAFUNGWA KWA NGUVU HIVYO?

Maziwa ya pakiti yale yanayokaa muda mrefu yamepashwa moto mkali, nyuzi 135 mpaka 140, kwa sekunde chache tu, halafu yakatiwa ndani ya pakiti safi bila kuguswa na hewa ya nje. Ndiyo maana yanakaa miezi bila friji. Pakiti yenyewe tunaiita ya karatasi, kumbe si karatasi peke yake. Kuna karatasi ngumu, kuna plastiki, na kuna utando mwembamba wa alumini unaozuia mwanga na hewa. Plastiki na alumini ndivyo vinavyoshinda vidole vya wazee wetu.

Kwa hiyo ugumu ule unatulinda. Lakini ukishafungua, ulinzi umekwisha. Maziwa yaliyofunguliwa ni kama maziwa mengine yoyote. Yakikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, usimpe mtu. Kuyachemsha upya hakutoshi, sababu kuna vijidudu vinavyoacha sumu ambayo moto wa sufuria hauiondoi. Ndiyo maana inafaa kila mtu aweze kufungua pakiti yake saa ile anayotaka kunywa, si mapema.

KUFUNGA KULITANGULIA

Msidhani ni sisi tu tunaohangaika. Kopo la bati liliandikishwa Uingereza na Peter Durand mwaka 1810, lakini vifungulio vya kopo vilikuja kuandikishwa miaka ya 1850. Katikati hapo watu walikuwa wanapasua makopo kwa patasi na nyundo, na askari kwa visu vyao.

Kwa chupa watu walikuwa na bahati. William Painter wa Marekani aliandikisha kile kifuniko cha bati chenye meno mwaka 1892, na miaka miwili tu baadaye akaandikisha kifungulio chake. Hapa Gisenyi kifungulio cha chupa kila mtu anakijua. Kiwanda cha Bralirwa kilianzishwa mjini hapa mwaka 1957, na ukiingia kwenye baa yoyote utakikuta, mara nyingi kimefungwa kamba kisipotee. Hata hivyo wako wanaume wanaofungua chupa kwa meno ili wasifiwe. Waangalie meno yao baada ya miaka kumi.

Pakiti ya maziwa nayo ina historia yake. Kampuni ya Tetra Pak ilianzishwa na Ruben Rausing mjini Lund, Uswidi, mwaka 1951. Pakiti zake za kwanza zilikuwa na pande nne za pembetatu. Zile za umbo la tofali zilikuja mwaka 1963. Wale waliosoma Kenya wanazikumbuka zile za pembetatu. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha maziwa ya bure shuleni, watoto wakayaita Maziwa ya Nyayo, na ile ncha ya pakiti ilikuwa inaita meno yenyewe. Miaka imepita, umbo limebadilika, na meno bado yanafanya kazi ileile.

MENO SI MKASI

Nasema hili hasa kwa wanafunzi wangu. Ule ugumu wa nje wa jino ukimeguka haumei tena. Tena pakiti imepita kwenye lori, stoo na mikono ya watu wengi, na stoo zina panya. Mkojo wa panya unaleta ugonjwa. Ukiing'ata pakiti, unaramba safari yake yote. Na ukimng'atia mwenzako, unampa na vijidudu vya kinywa chako.

Kisu nacho si dawa. Mkono unaotetemeka, pakiti inayoteleza na kisu chenye ncha, vitatu hivyo vikikutana damu inatoka.

Kwanza angalieni kama pakiti yenu ina kifuniko cha kuzungusha au alama ya vitone. Yenye vitone, nyanyua lile sikio la pembeni, likunje nyuma, kisha chana kufuata vitone. Yenye tundu dogo la mrija, toboa hapo kwa mrija wake. Shida iko kwa zile zisizo na chochote, na kwa mikono isiyo na nguvu ya kuchana.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Nilikaa na kijana mmoja fundi seremala wa hapa kambini. Tulijaribu mara tatu kwa pakiti tupu tulizojaza maji. Ya kwanza ilikuwa butu, ya pili wembe ulichomoka. Ya tatu ndiyo hii. Kazi hii ni ya mtu mzima, mtoto asiguse.

1. Kata vipande viwili vya tripleksi vinavyolingana, urefu sentimita 14, upana sentimita 4.

2. Vilaze pamoja. Karibu na ncha moja, kata kwa msumeno mwanya kutokea ukingoni kuingia ndani, kina sentimita 2, upana milimita 4 tu. Kidole cha mtoto kisiweze kuingia. Huo ndio usalama wote wa kifaa hiki, usiupanue.

3. Chukua wembe mpya. Uliotumika kunyolea hapana, sababu ya damu. Uvunje katikati kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake.

4. Weka nusu ya wembe katikati ya vipande viwili, ikatize mwanya kwa mshazari kule ndani kabisa. Makali yaangalie mdomo wa mwanya, na yasitokeze popote pengine.

5. Bana vipande kwa skurubu ndogo, au misumari midogo iliyokunjwa upande wa pili.

6. Zungushia mpini mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli mpaka unenepe. Mkono mgonjwa unashika kinene vizuri kuliko chembamba.

NAMNA YA KUTUMIA

Osha mikono, futa na juu ya pakiti kwa maji safi na sabuni. Kama mkono mmoja hauna nguvu, simamisha pakiti ndani ya kopo la bati linaloibana, weka kitambaa pembeni isicheze. Usiiminye, itaruka. Nyanyua sikio la pakiti, liingize kwenye mwanya, kisha vuta taratibu kuja kwako. Ncha inatoka yenyewe. Mimina kwenye kikombe safi.

Ukimaliza, osha kifungulio kwa maji ya moto na sabuni, kianike kikauke, kitundike juu watoto wasikifikie. Wembe ukishika kutu, badilisha. Ule wa zamani ufunge kwenye karatasi na utie ndani ya kopo lenye kifuniko, usiutupe njiani, watoto wetu wengi hawana viatu.

Na akina mama, kifungulio kisitudanganye: mtoto wa chini ya miezi sita ni ziwa la mama peke yake.

KOKO SASA

Nilimpelekea koko kile cha tatu. Mara ya kwanza alimwaga nusu kikombe juu ya kitenge chake, akanitazama kama mimi ndiye niliyemwaga. Mara ya pili alifungua vizuri. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, ila mkono mmoja wenye kifaa umefungua pakiti.

Jumatatu mjukuu alikuwa darasani kabla ya kengele. Siku nyingine nilipopita, nilikuta mzee jirani amesimama kwa koko na pakiti yake mkononi, anangoja kufunguliwa. Koko akamwambia, "Kaa kwanza, baba. Hapa tunafuata foleni."

Fundi yuko tayari kufundisha vijana wengine kila Jumamosi saa tatu asubuhi, nyuma ya darasa letu. Vipande vya tripleksi vilivyobaki kwenye ujenzi msivichome, leteni. Tuanze na nyumba za wazee na za wenye ulemavu. Kama unamjua mtu ambaye pakiti inamshinda naye anaona haya kusema, tuambie sisi kimyakimya.