Jezi ni Moja, Jasho ni la Wengi

Wengi wetu tukisikia mbio za baiskeli huwaza mtu mmoja anayekanyaga pedeli mpaka utepeni. Hata hapa chamani nimewasikia wenzangu wakibishana: ikiwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na David Kinjah wa Kikuyu, ndiye aliyeshinda Tour de France ya 2013, ile timu ilikuwa ya nini? Ati ilikuwa ya kumpigia makofi? La hasha! Hebu niwapitishe katika msimu huo mmoja wa timu yake, Sky ya Uingereza.

Kwanza tuelewe upepo. Mwendeshaji anayekwenda kasi kwenye tambarare hupigana na hewa kuliko anavyopigana na barabara. Mimi na ndugu yangu tukitumwa kusagisha mahindi siku ya upepo, anayetangulia hufika akihema, na wa nyuma anapiga mluzi! Anayejificha vizuri nyuma ya mwenzake huweza kuokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Siri ya mchezo wote ni hiyo.

Kwa hivyo katika timu mna bwana na watumishi. Watumishi humkatia bwana upepo tangu asubuhi. Hurudi nyuma kwenye gari la timu, wakashindilia chupa za maji ndani ya jezi na kuja kuwagawia wenzao. Bwana akipata pancha na gari liko mbali, mtumishi humpa gurudumu lake mwenyewe, akabaki kando ya barabara akingoja.

Msimu huanza Januari huko Australia na kufunga virago Oktoba. Timu kubwa huwa na waendeshaji wapatao 30, nao hugawanywa, kila kundi na mbio zake. Mwaka 2013 Sky ilianza kwa kishindo. Februari, Froome alishinda Tour of Oman. Machi, Richie Porte wa Australia alitwaa Paris-Nice. Aprili, Froome alishinda Tour de Romandie kule Uswisi, na Juni akaongeza Critérium du Dauphiné nchini Ufaransa.

Lakini haikuwa asali tupu. Zile mbio kuu za siku moja za Machi na Aprili hazikuwapa ushindi. Mei, nchini Italia, kiongozi wao Bradley Wiggins alijitoa kwa ugonjwa wa kifua. Je, timu ilikunja jamvi? Ng'o! Rigoberto Urán wa Kolombia alishika usukani, akamaliza wa pili.

Tarehe 29 Juni wakaanza Tour de France katika kisiwa cha Corsica: hatua 21 kwa muda wa majuma matatu. Wakati huo kila timu ilipeleka watu 9. Siku ya kwanza tu, Geraint Thomas wa Wales alianguka akapata ufa katika mfupa wa nyonga. Alifika Paris na ufa wake, akifanya kazi ya mtumishi. Hatua ya 8 Froome alishinda mlimani na Porte akawa wa pili. Kesho yake mambo yakageuka: wapinzani walishambulia mapema, Froome akajikuta peke yake, hana mwenzake hata mmoja. Vasil Kiryienka wa Belarus alifika akiwa amepitwa na muda unaoruhusiwa, akaondolewa. Siku chache baadaye Edvald Boasson Hagen wa Norway alivunjika bega. Wakabaki 7.

Katika hatua ya 18, Froome aliishiwa na nguvu karibu na kilele cha Alpe d'Huez. Porte alirudi garini akamletea chakula, ingawa muda wa kuchukua chakula ulikuwa umepita. Froome alikatwa sekunde 20, lakini hakuanguka. Alifika Paris akiwa na jezi ya manjano, dakika 4 na sekunde 20 mbele ya Nairo Quintana.

Sasa, je, ni haki mmoja avae jezi ya jasho la wengine? Mwanzoni niliona ni dhuluma. Lakini Froome mwenyewe alikuwa mtumishi mwaka 2012. Siku moja milimani alianza kumwacha Wiggins, akaamriwa kwa redio amngoje. Akangoja! Wiggins akashinda, yeye akawa wa pili. Na kwa desturi ya mchezo huu, mshindi huwagawia wenzake pesa za zawadi.

Hata waliosahauliwa walipata zamu yao. Kiryienka, yule aliyeondolewa Julai, alishinda hatua moja ya mbio za Hispania Septemba hiyo hiyo. Naye Thomas wa nyonga yenye ufa alishinda Tour de France mwaka 2018, na Froome, akiwa timu ile ile, akawa wa tatu.

Kumbe utumishi ni haki pale tu zamu inapozunguka na deni linapolipwa. Bwana asiyelipa ni mnyonyaji. Basi ndugu zangu, timu yetu ya shule ikifunga bao, tusimbebe mfungaji peke yake mabegani. Tumuulize pasi ilitoka kwa nani. Kidole kimoja hakivunji chawa.