Kutafuta Asili ya Ukoo kwa Daftari la Ndoa na Hati ya Jirani

Anapofariki mwanachama, hisa zake na malipo ya mazao aliyokwisha kuyakabidhi hubaki vitabuni mwa chama, na si ajabu wakajitokeza watu wawili, kila mmoja akidai kuwa ndiye mrithi. Katika Ufipa shauri la namna hii lina uzito wa pekee. Wafipa huhesabu ujamaa kwa upande wa baba na wa mama pia. Tena kaya nyingi zilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mashamba ya mababu yakabaki mahame. Vitabu vya chama peke yake havitoshi, kwani vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Mahali pa kuanzia ni daftari la ndoa. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, walishika kituo cha Karema mwaka 1885, na baadaye wakafungua misheni uwandani, kama vile Kate na Mwazye. Katika daftari la ndoa la parokia huandikwa majina ya bwana na bibi arusi, ya wazazi wao, mahali walikotoka, na ya mashahidi wawili. Jina la kijiji cha bibi arusi lina thamani kubwa, kwa kuwa ndilo linalofungua njia ya kuufikia upande wa mama, ambao wazee wa ukoo wa baba aghalabu hawausimulii. Isitoshe, kwa desturi ya Kanisa ndoa huandikwa pia pembeni mwa jina la mhusika katika daftari la ubatizo. Basi aliyebatizwa Mwazye akafunga ndoa mbali aweza kufuatiliwa.

Madaftari ya zamani yaliandikwa Kilatini, na hapo wengi hupotea. "Filius Petri" maana yake ni mwana wa Petro. Hakuna mtu aitwaye Petri. "Vidua" ni mjane. Yafaa kumwomba paroko atoe nakala ya maandishi yanayohusika, kwa kuwa madaftari hayo yana siri za watu wengine.

Ndoa za kimila ni tatizo jingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka ziandikishwe, lakini nyingi hazikuandikishwa. Hata hivyo, kutoandikishwa hakuibatilishi ndoa. Hapo ndipo hati ya jirani inapofaa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaruhusu kutolewa hati ya hakimiliki ya kimila baada ya mipaka kuhakikiwa, na majirani ndio mashahidi wa mipaka hiyo. Hivyo familia isiyo na hati yake yenyewe yaweza kukuta jina la baba au la shangazi yao katika karatasi za uhakiki za shamba la pili, akitajwa kuwa ndiye anayepakana nalo. Daftari la ardhi la kijiji lipo kwa Mtendaji wa Kijiji.

Tahadhari ni muhimu. Jina lililotajwa mpakani si hati ya kumiliki, wala akina Yosefu wawili si lazima wawe ndugu. Tena sheria hiyo ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya 1970 na 1977. Kwa hiyo mjukuu aliyethibitisha nasaba yake hadi kwenye hame la babu hajapata kwa hilo haki ya kumwondoa aliyegawiwa.

Chukuliwe mfano wa binti anayedai hisa za marehemu baba yake, huku baba mdogo akisema kwamba mama yake binti hakuolewa. Nakala ya parokia yamtaja mama huyo pamoja na kijiji chake. Karatasi za jirani zamtaja kuwa mke wa marehemu. Karatasi hizo mbili, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo, hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo huteua msimamizi wa mirathi. Katibu wa chama hulipa baada ya kuona barua ya uteuzi, na nakala yake huihifadhi katika jalada la mwanachama.