Kifaranga Aliyedumaa: Mtenge Kwanza, Ndipo Umchunguze

Mfugaji, tuseme kuku wako ameangua vifaranga 10. Baada ya majuma mawili waona 9 wamekua na kuota manyoya ya mbawa, bali mmoja amebaki mdogo kama aliyetoka katika yai juzi. Wenzake wamfuatapo mama yao, yeye husimama nyuma, mbawa zimelegea na macho yamefumba. Wengi husema, "Huyo ni wa kufa tu, mwache." Shauri hilo si jema. Huenda ni mdogo tu. Tena huenda yeye ndiye wa kwanza kuonyesha ugonjwa utakaolimaliza kundi zima. Maadam hujui bado, mtenge siku hiyo hiyo.

1. Namna ya kumtenga

Mtie katika tenga au boksi lenye majani makavu, mbali na kuku wengine, mahali pasipo upepo. Katika miinuko ya Mbozi na Tunduma usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, na kifaranga asiye na manyoya hawezi kujipatia joto la kumtosha. Tia maji ya moto katika chupa, uifunge kwa kitambaa, uiweke kando yake; ipoapo, ibadili. Usiweke jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake huua watu na kuku pia.

Mpe maji safi kabla ya chakula, katika kisahani chenye vijiwe asije akazama. Asipokunywa, chovya ncha ya mdomo wake polepole. Kisha mpe unga wa mahindi uliochanganywa na dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti, au yai lililochemshwa na kupondwa. Pumba peke yake hazikuzi kifaranga.

Jambo hili usilisahau: walishe wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni.

2. Namna ya kumchunguza

Papasa kidari chake. Kikiwa chembamba chenye makali, amekuwa na njaa kwa siku nyingi. Jioni papasa kifuko cha chakula shingoni. Kikiwa kitupu, hakula. Kisha tazama haya:

(a) Kinyesi chenye damu. Hii yaweza kuwa kuhara damu, ugonjwa upendao sakafu yenye unyevu, hasa kwa vifaranga wa majuma 3 hadi 6. Ondoa matandiko yote yaliyolowa, na umwulize Bwana Mifugo habari ya dawa ya amproliamu, ambayo hutiwa katika maji ya kunywa.

(b) Kinyesi cheupe kilichoganda nyuma. Kioshe kwa maji ya vuguvugu, umkaushe. Vifaranga wengi wakiwa hivyo katika majuma ya kwanza na kufa, huenda ugonjwa umetoka kwa mama kwa njia ya yai. Atakayepona asiwekwe kuwa wa mbegu.

(c) Viroboto kuzunguka macho, au utitiri chini ya mbawa. Wadudu hawa hunyonya damu hata kifaranga akadumaa. Safisha banda na viota, uchome matandiko ya zamani.

(d) Kuhema kwa shida, kuhara kijani, shingo kupindika, na vifo vya ghafula. Shuku mdondo, umwite Bwana Mifugo bila kukawia.

Usipoona dalili yoyote katika hizi, naye akala na kulia kwa nguvu baada ya kupata joto, yamkini aliangua nyuma ya wenzake nao wakamsukuma penye chakula. Mwangalie kwa juma moja au mawili. Akiongezeka, mrudishe jioni, lakini mlishe kando.

3. Habari ya mdondo

Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Hauna dawa hata leo. Una chanjo tu. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania, hustahimili joto kuliko nyingine. Hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku mzima, vifaranga pia, na hurudiwa kila miezi 3. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi. Basi yafaa majirani wachange fedha na kuchanja siku moja.

4. Akizidi kudhoofika

Kifaranga asiyeweza kusimama wala kunywa asiachwe kuteseka, mwue upesi. Usimle, wala usimtupie mbwa. Mchome, au umfukie katika shimo refu. Akifa wa pili, usingoje wa tatu: toa habari kwa Bwana Mifugo wa kata yako.

Wala usikimbilie kuwauza waliobaki. Sokoni Tunduma hukutana watu wa vijiji vingi, hata wa ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kuku mmoja kutoka kundi lenye ugonjwa aweza kupeleka msiba katika mabanda mengi. Vivyo hivyo, kuku umnunuaye huko mtenge majuma 2 kabla ya kumchanganya na wako.

Tenga moja na siku chache za uangalifu ni gharama ndogo kuliko banda tupu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.