Kiambishi Tamati cha Faili na Programu Dhibiti ya PSP: Mazingira ya Fundi wa Tunduma

Fundi wa simu mjini Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, anapoletewa PSP iliyokwishatumika pamoja na kadi yenye faili liitwalo EBOOT.PBP, hana budi kuamua jambo moja kabla ya kubonyeza chochote: je, hilo ni mchezo, au ni programu dhibiti, yaani ile inayokiwezesha kifaa kuwaka na kufanya kazi? Jina halimsaidii, kwa kuwa Sony ililitumia kwa vyote viwili. Wanamofolojia wanaifahamu hali hii: -ni ya nyumbani huonesha mahali, ilhali -ni ya njooni huonesha wingi wa wanaoambiwa, umbo ni lile lile.

Kinachotofautisha ni mahali na maudhui. Faili la kusasisha huwekwa katika folda ya UPDATE ndani ya PSP/GAME. Mchezo hukaa katika folda yake. Aidha, PBP ni kifurushi: baiti nne za mwanzo hukitambulisha, na ndani yake mna PARAM.SFO, ambamo huandikwa jina la kilichomo. Hapo ndipo pa kusoma. Kubadili .ISO kuwa .PBP hubadili jina tu.

Gharama ya kukosea si ndogo. Programu dhibiti mpya huandikwa juu ya ile ya zamani. Umeme ukikatika katikati, kifaa huenda kisiwake tena. Ndiyo maana PSP hudai betri yenye chaji ya kutosha na chaja iliyochomekwa. Toleo la mwisho la Sony, 6.61, lilitoka mwaka 2015. Faili linalojitangaza kuwa jipya zaidi ya hapo si la Sony.