Asiyekula Nyama na Ndugu Yake Mfugaji

Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limewatenga watu wa nyumba moja: asiyekula nyama akaeje na ndugu yake anayekula, naye ndugu huyo anawapenda wanyama?

Hapa Nakuru wasiokula nyama ni wa namna nyingi. Wako Wahindu na Wajaini, waliopokea desturi hiyo kwa wazee wao. Wako Waadventista wa Sabato, ambao kanisa lao hushauri kuacha nyama ingawa halimlazimishi mtu. Wako pia walioacha kwa kuwahurumia wanyama tu. Na hao wote wanaishi katikati ya wafugaji.

Tumfikirie kijana aliyerudi kwao Baringo kutoka masomoni, akasema, "Baba, mimi sili nyama tena." Siku ya sherehe mbuzi akichinjwa, kijana anakaa kando, na moyoni anasema, "Wazee hawa hawana huruma." Je, ni kweli? Baba yake anamjua kila ng'ombe kwa jina na kwa rangi. Wakati wa ukame huwafuata mbali kutafuta maji, yeye mwenyewe ana njaa. Ndama akiugua, baba hapati usingizi. Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mtu mwema huujali uhai wa mnyama wake, na waliofundishwa neno hilo kwanza walikuwa watu wa kula nyama.

Tena kijana aiangalie chai yake. Ng'ombe wa Njoro au Molo hatoi maziwa asipozaa, na karibu nusu ya ndama ni madume. Wengi wa madume hao mwisho wao ni buchani. Hatusemi hivi ili aache chai, wala ili arudie nyama. Twasema ili ajue kwamba hana nafasi ya kujivuna.

Habari za punda zatufundisha zaidi. Kuanzia mwaka 2016 punda walichinjwa katika machinjio ya Naivasha na Mogotio, na ngozi zikapelekwa China kutengenezwa dawa. Kufikia mwisho wa mwaka 2018, punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa nchini Kenya. Wezi nao wakaingia kazini, wakawachukua punda usiku. Mama aliyeteka maji kwa punda akabaki kuyabeba mgongoni. Ni nani waliolia? Wengi walikuwa wenye punda wenyewe, watu wanaokula mbuzi bila wasiwasi. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Sasa, kama wasiokula nyama wangaliwaambia wenye punda, "Acheni kwanza nyama ya mbuzi, ndipo tuwasaidie," punda angalipata faida gani?

Basi tufanyeje?

Kwanza, tuwe na adabu mezani. Mwarifu mwenyeji wako mapema, kabla hajachinja kwa ajili yako. Kisha ule ulichopewa kwa shukrani, wala usihubiri watu wakiwa na chakula mkononi. Katika Warumi sura ya 14, Mtume Paulo alikutana na watu wa namna hizi mbili. Akawakataza kudharauliana na kuhukumiana.

Pili, tuulize kabla ya kufundisha. Mwulize mzee habari za ng'ombe wake. Utasikia upendo ambao hukuutazamia.

Tatu, tushirikiane pale tunapopatana. Punda asipakiwe kupita nguvu zake. Ng'ombe wasirundikwe ndani ya lori kama magunia. Mnyama wa kuchinjwa asiteswe. Kenya inayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na anayekula nyama aweza kuitetea sawasawa na asiyekula.

Nne, tusifiche ukweli. Mzee akiuliza, "Mwanangu, mbona umeacha?" mjibu wazi na kwa upole: "Baba, nimeona naweza kuishi bila mnyama kufa kwa ajili yangu." Aliyeuliza mwenyewe husikiliza.

Nawe unayekula nyama, usimcheke mtoto wako. Huruma aliyo nayo huenda aliijifunza zizini kwako. Mwekee ugali, mboga na mursik, akae karibu nawe, mle pamoja.

Mungu, aliyewaumba wanadamu na mifugo, awabariki nyote. Amina.