Muziki kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu: hubadilishwa chombo, si mtoto

Rekoda, ile filimbi ya plastiki ambayo wazazi wengi wa Umoja, Kayole na Dandora wamewahi kuagizwa wanunue, ina matundu manane: saba mbele na moja nyuma. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole vyake havimtii, matundu hayo yanatosha kumtoa katika somo. Huketishwa kando akisikiliza wenzake.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Mtaala wa umilisi nao una njia inayofuata hatua badala ya gredi, kwa wanafunzi wasioweza kufuata masomo ya kawaida. Humo kila mmoja husonga kwa kasi yake.

Darasani, marekebisho mengi ni ya gharama ndogo. Kayamba likifungwa mkononi kwa kitambaa, asiyeweza kushika atalitikisa. Mtoto kiziwi huweka kiganja kwenye ubavu wa ngoma, au hukumbatia puto lililojaa hewa, akahisi mapigo. Asiyezungumza anaweza kutoa kiitikio kwa simu: dadake anakirekodi, naye anabonyeza zamu yake ikifika. Kubonyeza ni jambo dogo. Kusikiliza, kungoja na kuingia kwa wakati ndiko kujifunza muziki.

Kwa wenye usonji, shida mara nyingi ni kelele. Honi za matatu ziko nje, mvua iko juu ya mabati, kisha ngoma kumi zinaanza kwa pamoja! Ni heri kuanza na chombo kimoja, wimbo uleule wa kufungua na kufunga kila kipindi, na picha zinazoonyesha kinachofuata. Mtoto akiziba masikio asilazimishwe. Aketi karibu na mlango, arudi akiwa tayari.

Kuwasha redio ili watoto watulie si somo la muziki. Somo lina shabaha: muhula huu aanze na kunyamaza pamoja na wenzake, ujao atofautishe mwendo wa haraka na wa polepole. Mzazi anaweza kumuuliza mwalimu shabaha ya mtoto wake ni ipi.

Mtoto ambaye hajatathminiwa apelekwe kwanza katika kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, maarufu kama EARC. Vituo hivi vilianza mwaka wa 1984, na mwalimu mkuu wa shule ya umma iliyo karibu anaweza kumwelekeza mzazi. Chekechea za umma ziko chini ya kaunti, kwa hivyo maswali kuhusu watoto wadogo yapelekwe katika idara ya elimu ya kaunti. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa.

Tamasha la Muziki la Kenya pia lina vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mazoezi huanza miezi kadhaa kabla ya fainali, basi mzazi aulizie mapema mwanzoni mwa mwaka, kabla kikundi cha shule hakijajaa.