Utashi wa Mtu na Macho ya Wenzake

Apitaye Kinyerezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, huona maboma mengi yaliyoishia kwenye lenta. Ni rahisi kusema kwamba mwenye boma hana utashi. Kauli hiyo yaeleza machache mno, hata tukiacha bei ya saruji. Fedha iliyomo nyumbani haina mlinzi: leo msiba, kesho ada ya mtoto wa ndugu, na mwombaji akijua kuwa ipo, kumnyima ni kuvunja udugu.

Hapo ndipo upatu hupata maana yake. Mathalan, watu 10 hutoa shilingi 20,000 kila juma, na kijumbe humkabidhi mmoja wao 200,000 kwa zamu. Anayepokea wa mwisho angepata kiasi hicho hicho chini ya godoro lake, siku hiyo hiyo. Alichokosa godoroni ni aibu ya kumkwamisha mwenzake, pamoja na udhuru unaokubalika mbele ya jamaa: fedha ni ya mchezo.

Wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilipima jambo hili katika vikundi vya namna hiyo zaidi ya 100, magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Washiriki wengine walipewa sanduku la chuma, kufuli na ufunguo, ili waweke akiba ya afya. Baada ya mwaka mmoja, matumizi yao ya kujikinga na maradhi, kama vile kununua vyandarua, yaliwazidi waliopewa nasaha tu kwa takriban theluthi mbili. Wengine walipewa sanduku lile lile, ila ufunguo ukabaki kwa msimamizi hadi lengo litimie. Ingedhaniwa kuwa hao ndio wangeshinda. La, katika kinga hawakuonyesha tofauti ya maana. Fedha iliyofungwa kabisa haimfai mtu siku ya homa. Waliofanikiwa kupita wote ni wale ambao kikundi chao kilianzisha mchango wa pili, wa afya: matumizi yao yalizidi maradufu.

Sanduku liliwafaa hasa watu waliozoea kuombwa na jamaa. Lakini wale ambao vipimo viliwaonyesha kuwa huiona leo kubwa kuliko kesho, ambao kwa kawaida huitwa wadhaifu wa nia, sanduku halikuwasaidia. Kilichowasaidia ni mchango wa kikundi.